Jinsi ya kuisoma meli ya kitalii ukiwa Mama Ngina: mbona haipinduki, na inakula mafuta kiasi gani

Meli ya kitalii ikiingia Kilindini, bandari ya Mombasa, pale Lighthouse kwenye ufukwe wa Mama Ngina hukosi mtu wa kuuliza: dude hili lote na maghorofa yake, mbona halilali? Akishajibiwa na yeyote aliyekaa karibu, na kwa kawaida jibu lenyewe si sahihi, anaongeza la pili: na hili linakula mafuta kiasi gani? Watu huyachukulia kama maswali mawili tofauti. Mi nasema ni moja, kila kitu kinachoisimamisha meli kinalipiwa kwa mafuta, na mafuta yenyewe ni sehemu ya kinachoisimamisha. Ukifuata haya ninayoandika hapa utajijibu mwenyewe, unachohitaji ni simu yako na pakiti ya kachiri basi.

Kwanza jipange na msimu. Nyingi huja wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, Aprili hivi, manake huko Ulaya ni baridi na huku kwetu bahari imetulia. Wakati wa kusi bahari ya nje inachafuka na meli za kitalii ni za kubahatisha. Kwenye simu weka app yoyote ya kufuatilia meli, ziko za bure, inakupa urefu wa meli, upana, kasi yake na kiasi ilichozama. Andika hizo namba nne mahali kabla haijafika, tutazitumia. Halafu kaa ule upande ambao mlango wa bahari ni mwembamba, meli inapita karibu hadi unaona watu wanapunga mkono.

Anza na mstari wa maji

Usianze juu. Kila mtu macho yanakwenda kwenye madirisha na yale mabomba ya kuteleza, we tazama pale maji yanapogusa chuma. Kwenye omo, yaani mbele, na kwenye tezi, yaani nyuma, kuna namba zimepakwa rangi zimepandana, hizo ndo zinakwambia meli imezama mita ngapi, na utashangaa ni chache. Oasis of the Seas iliyoanza kazi 2009 ina kama mita 72 juu ya maji, chini ya maji ni mita 9 na kidogo tu. Icon of the Seas ya 2024 ina urefu wa mita 365, nayo imezama mita 9 na kidogo. Zile zinazokuja kwetu ni ndogo kuliko hizo lakini uwiano ni ule ule.

Sasa hiyo 72 ni kimo, si uzito. Huko juu ni vyumba, yaani hewa iliyozungushiwa mabati membamba, na sehemu za juu kabisa mara nyingi ni alumini ili ziwe nyepesi. Mzigo uko chini: injini, na injini moja ya aina wanayotumia Oasis inapita tani 150, halafu matanki ya mafuta, matanki ya maji matamu, na farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, ambayo siku hizi si mawe wala mchanga kama ya jahazi bali ni maji ya bahari yanayovutwa na kutolewa kwa pampu.

Ukiwa hapo hapo linganisha na meli ya makontena. Ikitoka bila mzigo utaona ile rangi nyekundu ya chini imejitokeza mita kadhaa, ikijaa inapotea. Meli ya kitalii karibu haibadiliki, iwe imejaa abiria ama haina mtu, kwa sababu binadamu na masanduku yao ni uzito mdogo sana mbele ya chuma chote kile. Hilo liweke akilini.

Jaribio la beseni

Hapa ndo penye utamu, na nakuomba ulifanye kwa mikono usilisome tu. Chukua beseni pana la plastiki, lieleze kwenye maji yaliyotulia, hata lile dimbwi la maji linalobaki ufukweni bahari ikipwa linatosha. Tia jiwe ukubwa wa ngumi katikati. Bonyeza ukingo mmoja kwa kidole halafu uachie, beseni linarudi haraka haraka na kutikisika mara kadhaa. Sasa chukua mkebe, uweke katikati ya beseni, jiwe lipande juu ya mkebe. Bonyeza tena. Linarudi, lakini polepole, kama linasitasita. Pandisha mkebe wa pili na jiwe juu yake, bonyeza kidogo tu, puu, limekwenda. Jiwe ni lile lile, beseni ni lile lile, kilichobadilika ni kimo cha uzito. Halafu rudia yote kwa jagi au chombo chembamba, utaona kinapinduka mapema zaidi hata jiwe likiwa chini.

Basi ule mchezo umekwambia mambo mawili na watu wengi wanajua moja. Wanajua la kimo cha uzito, ndo lile jibu la pale Lighthouse, ati meli haipinduki kwa sababu uzito wote uko chini. Si kweli. Kwenye meli kubwa ya kitalii kitovu cha uzito mara nyingi kiko juu ya mstari wa maji, na bado inasimama! Kinachoiokoa ni upana. Meli ikilala kulia, ubavu wa kulia unazama zaidi na wa kushoto unatoka majini, kwa hiyo nguvu ya maji inayoinyanyua inahamia kulia, inaisukuma kutoka upande ule ule inakotaka kuangukia. Kadiri meli ilivyo pana ndivyo hiyo nguvu inavyohama mbali zaidi. Wajenzi wa meli wanatafuta nukta moja inaitwa metasenta, ambayo ni kama ncha ambayo meli inaning'inia kwayo, na kitovu cha uzito lazima kiwe chini ya nukta hiyo. Umbali kati ya hizo mbili mabaharia wanauita GM. Sheria za kimataifa zinataka usipungue sentimita 15, lakini meli za kitalii huwa nazo zaidi ya hapo kwa mbali, mita nzima na zaidi.

Bado hujamaliza na beseni. Rudisha jiwe chini mahali salama, halafu mimina vikombe viwili vitatu vya maji ndani ya beseni. Umeongeza uzito chini kabisa, si ndo vizuri? Bonyeza ukingo uone. Maji yote yanakimbilia upande uliobonyeza na beseni linakataa kurudi, ukizidisha linameza maji na kuzama. Ndo kilichoua watu 193 kwenye Herald of Free Enterprise tarehe 6 Machi 1987 huko Ubelgiji, feri ilitoka bandarini milango ya mbele iko wazi, maji yakaingia sitaha ya magari ambayo ni uwanja mmoja usio na kuta, yakakimbilia upande mmoja, ikalala kwa dakika chache tu. Kwa hiyo tanki la meli hutakiwa liwe limejaa pomoni au tupu kabisa, la nusu nusu ni adui, na yale makubwa hukatwa kuta katikati ili maji yasipate nafasi ya kukimbia. Na ukisikia bahari imechafuka wamefunga bwawa la kuogelea la juu na kulitoa maji, si kwamba wanakuhurumia usianguke tu.

Wote wakikimbilia upande mmoja je?

Swali hili huku kwetu halichekeshi. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa, ilikuwa imejazwa kupita kiasi na haikuwa mbali na nchi kavu. Chombo kidogo kikijaa watu, watu ndio mzigo wenyewe, wakisogea na kitovu cha uzito kinasogea nao.

Sasa piga hesabu ya meli kubwa uone tofauti. Tuseme abiria 3,000, kanuni inahesabu kila mmoja kilo 75, hiyo ni tani 225. Wote wanatoka katikati wanakimbilia upande wa kulia kupiga picha feri ya Likoni, wamesogea mita 12. Zidisha: 225 mara 12 ni 2,700. Meli yenyewe tuseme ina uzito wa tani 50,000 na GM ya mita 2, zidisha hizo ni 100,000. Gawanya 2,700 kwa 100,000 unapata 0.027, ambayo ni digrii moja na nusu hivi. Chai haimwagiki. Kanuni inaruhusu mpaka digrii 10 kwa watu kujazana upande mmoja, kwa hiyo wako mbali kabisa na mpaka.

Upepo ndo mzito kuliko watu. Ubavu wa meli ya mita 300 ni ukuta wa karibu mita za mraba 10,000, ni tanga ambalo huwezi kulishusha. Upepo wa mita 15 kwa sekunde ukilipiga hilo tanga moja kwa moja, nguvu yake inapita uzito wa tani 130. Na kwa kuwa unapiga juu juu huko, meli inalala kidogo na kubaki imelala hivyo, ndo maana ukiitazama siku ya upepo unaweza kuona mstari wa maji umepinda kidogo upande mmoja. Wanairudisha kwa kuhamisha maji kutoka tanki la upande huu kwenda upande ule. Pampu hizo zinakula umeme, umeme unakula mafuta, tutafika huko.

Pima mrama kwa saa ya simu

Mrama ni kule kuyumba kwa meli kulia na kushoto. Hii huwezi kuifanya meli ikiwa mle ndani ya Kilindini, maji yametulia. Utaifanya ukiwa ndani ya meli baharini, ama kwa video ndefu ambayo mtu amerekodi kamera ikiwa imetulia mahali pamoja. Tazama ukingo wa meli na upeo wa bahari. Anza kuhesabu meli ikiwa imelala kulia kabisa, iende kushoto, irudi kulia kabisa, simamisha. Fanya mara kumi ugawanye kwa kumi, mara moja tu itakudanganya manake mawimbi hayafanani.

Kisha chukua upana wa meli kwa mita, zidisha kwa 0.8, gawanya kwa zile sekunde ulizopata, halafu zidisha jibu kwa lenyewe. Hiyo ndo GM, kwa makadirio. Mfano: upana mita 32, mrama mmoja sekunde 20. Mara 0.8 ni 25.6, gawanya kwa 20 ni 1.28, mara yenyewe ni 1.64. Mita moja na sentimita 64, iko sawa. Ingekuwa inakwenda na kurudi kwa sekunde 16 ungepata 2.56.

Na hapa mtu wa kawaida anajichanganya. Anaona meli inayorudi haraka haraka anasema hii ndo imara. Imara ndiyo, ya kukaa ndani siyo. Ile inayorudi kwa kasi inakuvunja shingo, vyombo vinaruka, wazee wanaanguka. Mjenzi wa meli ya kitalii anataka mrama wa polepole, uliolegea, kwa hiyo kwa makusudi anaiacha GM isiwe kubwa mno. Ila polepole nayo ina mpaka wake, meli ikianza kulala na kukaa huko kama inafikiria irudi au isirudi, hiyo ni ile beseni ya mikebe miwili.

Mapezi, na bei yake

Meli ikiwa gatini tazama ubavuni katikati, karibu na mstari wa maji. Ukiona alama imechorwa na rangi nyeupe, hapo chini ndipo yanapotokea mapezi, stabilaiza. Alama imewekwa ili tagi, vile vyombo vya kuvuta meli, na tishali za mizigo na mafuta zisije zikayagonga. Ni mabawa mafupi, moja kila upande, wakati mwingine mawili, yanatokeza meli ikiwa baharini na kukunjwa ndani ikikaribia bandari. Kompyuta inahisi meli inaanza kulala kulia, inageuza pezi la kulia lisukume juu na la kushoto lisukume chini, kabla mrama haujakomaa. Hali ikiwa nzuri mrama unaweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Kabla ya hapo walijaribu njia nyingine, Conte di Savoia ya Italia mwaka 1932 ilifungwa magurudumu matatu makubwa mno yanayozunguka ndani ya tumbo la meli ili kuituliza, mazito, yanakula nafasi, na hayakufaulu vile walivyotangaza.

Sasa bei. Pezi linafanya kazi kwa maji yanayopita juu yake, kama bawa la ndege. Meli ikienda mbio lina nguvu, ikipunguza kasi linalegea, ikisimama yale ya kawaida hayafanyi kitu. Na likiwa nje linaikokota meli, kwa hiyo injini inaongeza mafuta kuishika kasi ile ile. Nahodha mwenye akili bahari ikiwa shwari anayakunja. Akiyatoa ujue ameamua kulipa.

Halafu usiyape mapezi sifa yasizostahili. Hayazuii meli kuinuka omo na kuzama omo, hiyo haina dawa ila urefu wa meli na kupunguza kasi. Na hayamwokoi mtu aliyekosea usukani. Julai 2006 Crown Princess ilikuwa imetoka tu Port Canaveral huko Marekani, meli mpya kabisa, kwa kasi kubwa afisa akazungusha usukani kupita kiasi na kwenda upande sio, meli ikalala digrii 24. Haikupinduka, uimara wake ulifanya kazi, lakini karibu watu 300 waliumia kwa kurushwa na kuangukiwa na vitu.

Sasa mafuta

Tazama bomba la moshi. Ukiona mvuke mweupe mzito unaopotea haraka hewani, yawezekana ina skraba, mtambo unaoosha moshi kwa maji ili kupunguza salfa. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli duniani hayatakiwi kuzidi salfa asilimia 0.5, kabla ya hapo ilikuwa 3.5, na mwenye skraba anaruhusiwa kuendelea na yale mafuta mazito ya bei rahisi. Nyingine mpya zinatumia gesi asilia iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, ya kwanza ya kitalii ilikuwa AIDAnova mwaka 2018. Na ukiona tishali imejibandika ubavuni na bendera nyekundu imepandishwa, au taa nyekundu usiku, wanajaza mafuta, usipeleke mtumbwi wako karibu na sigara mdomoni.

Kitu cha kuelewa ni kwamba meli nyingi za kitalii za sasa injini haizungushi propela moja kwa moja. Injini zote ni jenereta. Umeme unaingia kapu moja, kutoka hapo unagawanywa: mwingine unakwenda kwenye mota za propela, mwingine kwenye viyoyozi, majiko, taa, lifti, mashine za kufulia na mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji. Faida yake ni kwamba haiwashi zote, ikihitaji kidogo inawasha mbili, ikihitaji zaidi inaongeza ya tatu, na kila iliyowaka inafanya kazi pale inapokula mafuta vizuri zaidi. Na joto la injini halitupwi lote, linachemsha maji ya bahari kupata maji matamu.

Kukadiria fanya hivi. Jenereta ya dizeli ya meli inakula kama kilo 190 kwa kila megawati inayotoa kwa saa moja. Kasi ya meli inahesabiwa kwa noti, noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852. Tuseme meli yetu inahitaji megawati 30 za propela ili iende noti 20, na megawati 8 za hoteli, yaani viyoyozi, majiko, taa na mengine ya ndani, iwe inakwenda ama imesimama. Safari ni Mombasa mpaka Victoria, Shelisheli, kama maili 950.

Kwa noti 20 inachukua saa 47 na nusu. Jumla megawati 38, mara saa, mara 0.19, unapata tani 343 hivi. Sasa punguza kasi mpaka noti 16. Ujue nguvu ya propela haipungui kwa uwiano wa kasi, inapungua kwa kasi mara kasi mara kasi. Noti 16 ni asilimia 80 ya 20, 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.512, kwa hiyo zile megawati 30 zinashuka kuwa 15 na kidogo. Ongeza 8 za hoteli. Saa sasa ni 59, lakini mafuta ni tani 264 tu. Umechelewa nusu siku umeokoa karibu tani 80! Ndo maana meli za kitalii zinapenda kutembea usiku kucha polepole na kufika asubuhi, haraka ya nini.

Basi mtu atasema si iende noti 5 kabisa. Piga uone. Propela hapo haili hata nusu megawati, lakini safari ni saa 190, na kwa saa zote hizo ile hoteli inakula megawati zake 8 bila huruma. Jumla ni tani 306, umerudi juu. Kwa noti 10 ni 212. Kwa meli ya mizigo yenye mabaharia ishirini polepole ni akiba tupu, kwa meli ya kitalii kuna mahali katikati ambapo ukishuka zaidi ya hapo unachoma mafuta kwa ajili ya viyoyozi. Na kwenye joto letu la Februari hiyo hoteli inakula zaidi. Hata ikifunga gati moshi unaendelea kidogo kidogo kwa sababu hiyo hiyo, isipokuwa bandari iwe na umeme wa kuichomeka.

Kingine kinachokula mafuta kimya kimya ni uchafu wa chini. Mwenye jahazi anajua, analikwamisha mchangani bahari ikipwa, anakwangua, anapaka deheni, likirudi majini linateleza. Meli kubwa nayo inashika majani na vigamba, wanatuma wapiga mbizi au mashine kusugua, na baadhi zina pampu za kupuliza mapovu ya hewa chini ya tumbo ili maji yasishike chuma.

Pale mawili yanapokutana

Kumbuka mafuta yako kwenye matanki ya chini. Ukichoma tani 264 kufika Shelisheli umetoa tani 264 chini ya meli, na kitovu cha uzito kimepanda kidogo. Maji ya kunywa na kuoga nayo yanapungua. Kwa hiyo kila siku kuna afisa anakaa na kompyuta kuhesabu kila tanki lina nini, na inabidi ajaze farumi badala ya kilichoondoka, akikumbuka lile sharti la kutoacha matanki nusu nusu. Maji hayo ya farumi ni uzito wa kubeba, uzito unazamisha meli zaidi, na meli iliyozama zaidi inasukuma maji mengi zaidi. Kila sentimita ya uimara ina bili.

Na upande wa pili ni hivi, umeme ukikatika uimara wenyewe unabaki, lakini meli inapoteza usukani na mapezi, na mawimbi yanaigeuza ubavu. Ndo lililoikuta Viking Sky huko Norway tarehe 23 Machi 2019, watu 1,373 ndani. Oili ya kulainisha injini ilikuwa kidogo kwenye matanki yake, si mafuta ya kuchoma, oili. Dhoruba ilivyoyumbisha meli oili ikawa inakwenda huku na huku, pampu zikavuta hewa, injini zikajizima zenyewe kujilinda, moja baada ya nyingine. Meli ikasukumwa kuelekea miamba mpaka waliposhusha nanga na baadaye kuziwasha tena, na watu mia nne na kitu wakatolewa kwa helikopta. Haikupinduka. Lakini oili iliyopungua kidogo ndani ya tanki ilitosha kuizimisha meli nzima.

Ukipanda mwenyewe

Kwa abiria: chumba cha katikati kwa urefu na cha chini chini. Kule juu kwenye roshani ya bei ghali mrama unakurusha mbali zaidi kwa sababu uko mbali na mahali meli inapozungukia, na kule mbele omo inakupandisha na kukushusha. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla hujachafukwa na roho, ukishaanza kutapika haikai tumboni. Tangawizi husaidia wengine. Toka nje utazame upeo wa bahari, usikae chumbani na simu.

Kwa vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi: mtalala chini karibu na mstari wa maji na hakuna dirisha, wengi wanalalamika, ila kwa mrama hapo ndo pazuri kuliko pote, tatizo ni kelele za injini na trasta, zile propela ndogo za kuisogeza meli ubavu, zinazowashwa alfajiri meli ikifunga gati. Ukipewa kuchagua kitanda, wacha kile cha mbele kabisa hata kama chumba ni kikubwa.